Ramani za manowari ya Rufiji

Huku ughaibuni kila mtu ana lake la kumshikilia akishamaliza kubeba boksi. Wengine mpira, wengine umbea wa simu. Mimi ni mbao, gundi na msasa. Natengeneza mfano wa manowari, na manowari yenyewe ni ile ya kwetu, Königsberg, iliyofia Rufiji. Ni ya Mjerumani, najua, lakini mtoto wa pwani akisikia jina hilo hafikirii Ujerumani, anafikiria mikoko.

Kwa wale waliosinzia kwenye somo la historia: iliingia Dar es Salaam Juni 1914. Tarehe 20 Septemba mwaka huohuo ikaikuta manowari ya Mwingereza, Pegasus, imetia nanga Zanzibar ikitengenezwa mitambo, ikaipiga mpaka ikazama. Baada ya hapo ikajificha delta ya Rufiji, upande wa Salale, na Waingereza wakaziba milango ya mto. Tarehe 11 Julai 1915 manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zilizokuwa zimeundwa kwa ajili ya Brazil, zikaingia mtoni huku ndege ikizielekeza pa kupiga. Nahodha Max Looff akaamuru meli yake ilipuliwe.

Sasa tuje kwenye ramani. Fundi wa jahazi kule Bagamoyo hahitaji karatasi, anapima kwa jicho na jahazi linaelea. Chombo cha chuma cha mwaka 1905 hakiendi hivyo. Na balaa la kwanza ni jina lenyewe. Wajerumani walikuwa na manowari tatu zilizoitwa Königsberg, moja baada ya nyingine. Ukitafuta ovyo utaletewa ile iliyoshushwa majini mwaka 1927, yenye mizinga mitatu mitatu kwenye vibanda vinavyozunguka, iliyozamishwa na ndege za Waingereza kule Bergen, Norway, mwaka 1940. Yetu ilikuwa na mizinga kumi ya milimita 105, kila mmoja umesimama peke yake, na mabomba matatu ya moshi. Ramani isipoonyesha hayo, irudishe ilikotoka.

Balaa la pili ni dada zake. Ilizaliwa na wenzake watatu: Nürnberg, Stuttgart na Stettin. Watu huchukua ramani ya mmoja wao na kubadilisha jina tu. Lakini Königsberg ilikuwa na urefu wa mita 115.3, wale wengine mita 116.8. Stettin hata mashine zake zilikuwa tofauti, ilitumia tabo. Mita moja na nusu unaweza kuiona ndogo, ila ujue kuna kitu ndani kimesogezwa.

Mimi nina kipimo changu cha haraka. Upana wa meli yetu ulikuwa mita 13.2. Gawanya urefu kwa upana unapata 8.7 na ushee. Kwa hiyo chukua rula, pima mchoro uliopewa: urefu kwa upana, uone kama jibu ni hilohilo. Kama sivyo, basi ama si meli yenyewe, ama karatasi imevutwa kwenye mashine ya kunakili. Ramani nyingi zinazouzwa ni nakala ya nakala ya nakala. Angalia na mabomba ya moshi yalivyochorwa kwa juu: duara likiwa yai, funga mkoba uondoke.

Hata hivyo ramani yenye vipimo sahihi bado inaweza isikufae. Nyingi ni picha ya ubavu na sitaha tu, nzuri za kutundika ukutani. Mjenzi anataka michoro ya mikato ya tumbo, kutoka omo hadi tezi, ili ajue mataruma yanapinda vipi chini ya maji. Bila hiyo unakisia. Ramani za ujenzi za meli za Kaiser zinatunzwa kwenye hifadhi ya kijeshi ya Ujerumani mjini Freiburg. Kwa anayetaka Pegasus, makumbusho ya Greenwich hapa London yana ramani za meli zinazokaribia milioni moja, na zinazofaa zaidi ni zile zilizochorwa meli ikishakamilika, maana mafundi hawakufuata kila mstari wa mwanzo.

Meli yenyewe huwezi kwenda kuipima. Ilikatwa vyuma, iliyobaki imemezwa na tope. Mizinga ilitolewa mtoni, ikafungwa magurudumu Dar es Salaam na kupigana nchi kavu. Mmoja uko Mombasa karibu na Ngome ya Yesu, mwingine Pretoria. Mtutu unapimika, ila hayo magurudumu si ya meli.

Ninaijenga kwa kipimo cha 1 kwa 200, inatoka sentimita 57.7, inaenea kwenye karatasi moja ya A2. Swali lililonichukua muda ni mwaka gani. Ramani ni ya meli mpya ya 1907. Mimi naitaka ya delta, iliyochoka. Ilipokwama Rufiji, vipuri vya boila vilifunguliwa, vikaburutwa na wapagazi porini hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikaburutwa tena kurudi. Vitabu vinataja maofisa kwa majina na vyeo. Wapagazi ni wapagazi tu. Hakuna ramani, ya Freiburg wala ya Greenwich, inayowaonyesha.

Kwa kipimo changu mtu wa futi tano na nusu anatoka milimita nane na kidogo. Nimeshakata waya wa shaba wa kutosha watu arobaini, na kamba yao ni uzi wa kushonea. Boila nitaisokota kwa bati la kopo la maziwa.