.cd (kikoa cha intaneti)

.cd ni kikoa cha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kilichoshika mahali pa .zr baada ya Zaire kubadili jina mwaka 1997. Kile cha kale kilifutwa mwaka 2001. Tajiri wa Kongolo, mji ulio kando ya mto Lualaba, atakaye kuifungulia biashara yake tovuti, hana budi kwanza kutazama kama jina alipendalo halijamilikiwa, kisha alilipie ada kwa msajili, na kulihuisha kila muda uishapo, la sivyo laweza kutwaliwa na mtu baki. Jina lisizidi herufi 63, ingawa fupi ndilo aula. Aandikapo ajihadhari na .cg, ambayo ni ya Kongo-Brazzaville. Ajabu ni kwamba wauza santuri wa ng’ambo nao huitamani .cd, kwa kuwa CD ni kifupi cha “compact disc”.