Jozi mlinganuo finyu: kati ya kope na tope

Mtoto wa miaka minne anagusa jicho la mama yake na kusema, "Tope." Mama anajua amekusudia kope. Anamwitikia, mazungumzo yanaendelea, na haijulikani sauti k imepotelea wapi.

Kwa mtaalamu wa tiba ya matamshi, kope na tope ni jozi mlinganuo finyu: maneno mawili yenye maana tofauti yanayotenganishwa na sauti moja tu, iliyokaa mahali pamoja katika kila neno. Ndivyo zilivyo pia kaa na taa, saa na taa, shoka na soka.

Istilahi hii tumeipata kwa wanaisimu, nayo imeundwa kwa uangalifu. Lingana ni kuwa sawa. Kiambishi -u- hutengua: funga huzaa fungua, panga huzaa pangua. Kulinganua, basi, ni kuonyesha pale vitu vinavyolingana vinapoachana. Mlinganisho usingetosha, kwa kuwa wenyewe huweka vitu bega kwa bega tu. Finyu nalo tumezoea kulisikia katika lawama, kama tunaposema mtazamo finyu. Hapa ufinyu ndio nguvu yenyewe: tofauti ikibanwa hadi ikabaki moja, mtoto hana pengine pa kuitafuta. T na k zote ni vipasuo sighuna, yaani sauti za kupasua zisizotetemesha nyuzi za sauti. Ila t hutolewa kwa ncha ya ulimi kwenye ufizi, na k kwa nyuma ya ulimi kwenye kaakaa laini.

Wanaisimu hutumia jozi hizi kuthibitisha kwamba sauti mbili ni fonimu mbili, yaani sauti zinazotofautisha maana. Mwaka 1981 mtafiti Weiner alichapisha makala kuhusu watoto wawili aliowatibu kwa kutumia jozi za aina hiyohiyo. Katika tiba hiyo, mtaalamu huweka picha mbili mezani. Kwanza yeye hutaja, mtoto huokota. Hapo hujulikana kama sikio linapambanua. Kisha mtoto huagiza, na mtaalamu humpa alichokisikia, si anachokidhania. Aliyetaka kope akakabidhiwa tope hutambua mwenyewe kwamba sauti hubeba maana. Asiyeweza kabisa kuitoa k huonyeshwa kwanza ulimi ukae wapi.

Jozi haitafsiriki. Ukigeuza kope na tope kwa Kiingereza, mlinganuo wote unatoweka. Vivyo hivyo orodha za Kiingereza zikiletwa kwetu. Ndiyo sababu utafiti wa Gangji, Pascoe na Smouse wa mwaka 2015, juu ya ukuaji wa matamshi ya Kiswahili kwa watoto wa Tanzania, una thamani kubwa: unamtazama mtoto kwa kipimo cha lugha yake. Tukumbuke pia kwamba kula na kura ni jozi, lakini mtoto anayelelewa katika lugha isiyotenga l na r hana kasoro ya matamshi. Anasema kama wanavyosema kwao.

Mzazi na mwalimu wa chekechea, mtoto akikosa sauti ambayo wenzake wa rika lake wanaitamka, msimcheke wala kumwiga. Mpelekeni apimwe masikio, kisha aonwe na mtaalamu. Nyumbani mchoreeni kope upande mmoja na tope upande wa pili, mumwache achague.