Ndagala, Maharagi na Sombe: Habari za Kitoweo Ufukoni mwa Uvira

Mwaka mmoja nilikuwa nikizunguka vijiji vya kusini ya Uvira kufundisha dini, nikafika nyumbani kwa mvuvi mmoja. Mbele ya mlango ndagala walikuwa wameanikwa juani, wanang'aa kama fedha. Ndani, mtoto wa miaka miwili hivi alikaa kimya karibu na mafiga. Miguu yake ilikuwa imevimba, nywele zake zimegeuka kuwa nyekundu, hata nzi waliotua usoni hakuwafukuza. Sahanini mwake mlikuwa na ugali wa muhogo na chumvi, basi. Nikamwuliza mama yake, "Mama, mbona humpi hata ndagala wawili?" Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, ndagala ni franka."

Mama yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na deni la dukani, na karo ya watoto wawili ilikuwa ikingojewa shuleni. Majirani nao walikwisha kusema kwamba mtoto amerogwa. Lakini jibu lake sikulisahau. Ilikuwaje mtoto akose chakula cha kujenga mwili karibu na ziwa lenye samaki? Tukitaka kulijibu swali hilo, yatupasa kurudi nyuma kidogo.

UFUKO ULIOLISHA WAGENI

Mwezi wa Aprili 1858 Waingereza Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Burton aliandika kwamba Uvira ulikuwa mji wa biashara wa kaskazini ya ziwa. Wafanyabiashara walikuja kununua pembe za ndovu, nguo za magome ya miti, vitu vya chuma na nafaka. Tena walinunua watu, na hilo ni jambo la kuhuzunisha. Novemba 1871 Livingstone na Stanley nao walipita pande hizi, wakaona kwa macho yao kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani, wala hautoki humo.

Angalieni neno lile, nafaka. Ufuko huu ulikuwa na chakula cha kutosha hata kuwauzia wageni. Milimani watu walilima mtama, ulezi na kunde, wakafuga ng'ombe na mbuzi. Maharagi, karanga, mahindi na muhogo, ambavyo asili yake ni Amerika, viliingia kidogo kidogo katika karne zilizofuata safari za Wareno. Ziwani watu walivua usiku. Waliwasha moto wa kuni ndani ya mtumbwi, ndagala wakaifuata nuru, nao wakawachota kwa wavu wenye mpini mrefu uitwao lusenga. Mtu wa mlimani alishuka na maharagi yake, mtu wa ziwani akapanda na samaki wake. Hivyo vyungu vya pande zote mbili vilipata kitoweo.

TAA, NYAVU NA FRANKA

Ulipokuja utawala wa Wabelgiji mambo yalibadilika. Tangu 1917 sheria iliwalazimisha watu kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali. Katika bonde la Ruzizi zao hilo lilikuwa pamba. Pamba huleta fedha, lakini hailiwi, na mikono iliyopalilia pamba haikuweza kupalilia maharagi saa ile ile. Muhogo nao ulisifiwa kuwa kinga ya njaa, na kweli huvumilia ukame na hungoja ardhini mpaka utakapotakiwa. Shida ni kwamba muhogo hushibisha bila kujenga. Basi mahali pengi shamba la kushibisha likakua, na shamba la kujenga mwili likapungua.

Ziwani pia mambo yaligeuka. Taa za karabai zilichukua nafasi ya moto wa kuni. Katika miaka ya 1950 ilianza mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, yenye wavu mkubwa wa kushushwa chini ya nuru na kuinuliwa ukiwa umejaa. Upande wa Usumbura, mji tunaouita leo Bujumbura, Wagiriki walileta meli na nyavu kubwa za kuzungushia samaki. Ndagala wakavu, ambao ni wepesi kubeba na hawaozi upesi, wakasafiri mbali hata kufika miji ya migodi ya Katanga. Hapo ndipo ndagala alipoanza kuwa franka.

Wataalamu nao walikuja. Mwaka 1946 na 1947 msafara wa Ubelgiji ulichunguza ziwa lote. Baadaye shirika la uchunguzi la IRSAC, lililoanzishwa 1947, liliweka kituo chake hapa Uvira, nacho ndicho mwanzo wa kituo cha uchunguzi wa maji na samaki tulicho nacho mpaka leo. Mwaka 1959 Mbelgiji Collart aliwachukua ndagala wa aina moja kutoka Tanganyika, akawatia katika ziwa Kivu, ambalo katikati yake halikuwa na samaki wa namna hiyo. Wakazaana, na ndio sambaza wanaoliwa leo Bukavu na Goma. Kwa hiyo samaki wetu mdogo amewalisha hata jirani zetu wa juu.

UGONJWA WA MTOTO ALIYEACHISHWA

Mwaka 1933 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana, aliandika habari za watoto waliovimba miguu na kubadilika nywele. Mwaka 1935 aliutaja ugonjwa huo kwa jina la wenyeji Waga: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto wakati mdogo wake anapozaliwa. Mtoto huachishwa ziwa la mama, kisha hupewa uji au ugali mtupu. Wenyeji wale walikwisha kuona chanzo chake kabla ya vitabu.

Siku hizi waganga wanatuambia kwamba ukosefu wa protini, yaani chakula cha kujenga mwili, si sababu ya pekee. Kuhara, minyoo na maradhi mengine husaidia kumwangusha mtoto. Hata hivyo hakuna anayesema kwamba mtoto aweza kukua kwa muhogo peke yake. Tazameni hesabu: katika gramu 100 za unga wa muhogo, protini ni gramu 1 au 2 tu. Katika unga wa mahindi ni kama 8 au 9. Katika maharagi makavu ni zaidi ya 20, katika karanga kama 25, katika soya zaidi ya 35. Katika ndagala wakavu ni zaidi ya 50. Basi samaki yule aliyeanikwa mlangoni pa mvuvi ni dawa kuliko nyingi zinazouzwa sokoni, wala hapakuwa na mchawi nyumbani mle.

Tena kuna jambo la Kwango, magharibi ya nchi yetu. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ghafula. Baadaye ilijulikana kwamba huwapata watu wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, huku wakikosa protini, ambayo husaidia mwili kuiondoa sumu ya muhogo. Hapo pia kitoweo ni kinga.

ZIWA LIMECHOKA

Huenda mtu akasema, "Vema, tule ndagala." Lakini ziwa si lile la zamani. Watu wa pande zake wameongezeka sana, nyavu ni nyingi, na matundu yake ni madogo. Tena maji ya juu yanapata joto. Yakipata joto huwa mepesi, hayachanganyiki vema na maji ya chini, na mbolea iliyo kilindini haipandi juu kuwalisha vijidudu ambavyo ndagala huvila. Mwaka 2003 wataalamu walieleza katika gazeti la elimu liitwalo Nature kwamba chakula hicho cha ziwani kilikuwa kimepungua kwa kadiri ya asilimia 20. Ndiyo maana nchi zinazogawana ziwa zimeanza kulipumzisha miezi mitatu. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake tangu 15 Mei hadi 15 Agosti.

Na mifugo je? Vita vilivyoiangukia Uvira Oktoba 1996, na vile vya 1998, viliwanyang'anya watu wengi ng'ombe na mbuzi wao. Mwenye nyumba aliyekuwa na maziwa akabaki na kamba tupu.

BASI TUFANYE NINI?

Nadhani historia yenyewe inatuonyesha njia. Wazee hawakutegemea kitu kimoja. Walichanganya cha ziwani na cha mlimani, nasi tunaweza kuchanganya kwa fedha kidogo.

Kwanza, maharagi. Protini ya maharagi ina upungufu wake, na ya mahindi ina upungufu mwingine. Vikiliwa pamoja, kila kimoja hukamilisha mwenziwe. Yalowekeni usiku, nanyi mtaokoa makaa na saa za kupika.

Pili, sombe. Majani ya muhogo yako karibu na kila nyumba, nayo yana protini kuliko mzizi wake. Yatwangwe sana na kuchemshwa kwa muda mrefu, ili sumu iishe. Yakitiwa karanga na ndagala wachache, chungu kimoja hulisha nyumba nzima.

Tatu, soya. Akina mama wa Kivu wanaujua uji wa masoso, jina lililotungwa kwa herufi za kwanza za maneno ya Kifaransa ya mahindi, soya na mtama. Soya ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, kwa maana mbichi hudhuru tumbo.

Nne, wanyama wadogo. Simbilisi hula majani na maganda, huzaa upesi, na hulala jikoni bila zizi. Mtu asiyeweza kununua mbuzi aweza kuanza na simbilisi wawili.

Tano, ndagala wenyewe. Si lazima wawe wengi. Wakavu wakaangwe kidogo bila mafuta, watwangwe pamoja na vichwa na mifupa, unga uchekechwe na kuwekwa katika chupa yenye kifuniko. Mtoto aliyetimiza miezi sita atiliwe kijiko kimoja katika uji wake kila siku. Waanikwe juu ya kichanja, si juu ya mchanga, wasije wakachanganyika na uchafu.

Mtoto yule niliyemtaja alipelekwa kituo cha afya, akapona. Mwaka uliofuata nilipita tena kwa mvuvi yule, nikamkuta mama yake anapima ndagala wa kupeleka sokoni. Kabla ya kufunga kikapu alichota konzi moja, akaitia katika kopo lililokuwa juu ya rafu. Nilipomtazama alicheka, akasema, "Mwalimu, hii haina bei. Ni ya mtoto."

Kikapu chake kilipungua konzi moja tu, na deni la dukani alilipa vile vile. Enyi akina baba mnaorudi ziwani alfajiri, nanyi akina mama mnaoshuka na maharagi kutoka milimani, fanyeni kama mama huyo: toeni kwanza fungu la mtoto, ndipo mwende sokoni.