Bango linalozunguka na kuwaka: jinsi linavyosanifiwa pale umeme ulipo haba

Huko Giteranyi, kaskazini-mashariki mwa Burundi, jua huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, kwa kuwa eneo hilo liko chini ya nyuzi tatu kusini mwa ikweta. Giza huingia upesi, na duka lililoonekana na kila mpita njia mchana hupotea machoni kabla wateja wa jioni hawajamaliza mahitaji yao. Ndiyo maana wazo la bango linalozunguka na kuwaka huwavutia wenye maduka ya dawa, vinyozi, wauza chakula na wenye nyumba za wageni katika vituo vya biashara vya ukanda huu wa mpakani.

Hata hivyo, nchini Burundi takriban mtu mmoja tu katika kila kumi hupata umeme. Bango linalozimika wiki ya tatu baada ya kutundikwa humpotezea mwenye duka fedha zake, na huwaambia wapita njia kwamba biashara yenyewe imelegea. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bango liwake kwa ukali gani, msanifu hana budi kuuliza kama litaweza kuwaka kila usiku, na kama atakayeliona ataweza kulisoma.

Kwa nini mzunguko huvuta jicho

Jicho la binadamu halioni kila upande kwa namna moja. Sehemu ya katikati ya retina ndiyo inayosoma herufi na kutambua nyuso. Sehemu za pembeni hazioni maandishi vizuri, lakini ni nyepesi kutambua kitu kinachotikisika. Mtu anayetembea huku akitazama mbele anaweza kupita kando ya kibao kilichotulia asikitambue, ilhali kibao kinachogeuka humfanya azungushe kichwa bila kukusudia.

Vinyozi wa Ulaya na Marekani waliutumia ujuzi huo zamani kwa nguzo yenye mistari ya mshazari inayozunguka ndani ya kioo. Mistari huonekana kama inapanda juu bila kikomo, ingawa ukweli ni kwamba silinda inazunguka mahali pake. Nguzo hiyo haina neno hata moja, na bado anayeizoea hujua mara moja kwamba hapo pananyolewa nywele.

Kutoka neoni hadi LED

Matangazo ya mwanga yalipata sura mpya mwezi Desemba mwaka 1910, pale Mfaransa Georges Claude alipoonyesha taa zake za neoni katika maonyesho ya magari mjini Paris. Kuanzia mwaka 1925 hadi 1934, jina la kampuni ya magari ya Citroën liliwashwa juu ya mnara wa Eiffel kwa maelfu kwa maelfu ya balbu. Mwaka 1952, nyota ya Mercedes-Benz yenye kipenyo cha mita 5 iliwekwa juu ya mnara wa kituo cha reli cha Stuttgart, Ujerumani, ikawa miongoni mwa alama za biashara zinazozunguka zinazojulikana zaidi duniani.

Mabango hayo yote yalihitaji miji yenye umeme mwingi. Kilichobadilisha hali ni taa za LED. Nick Holonyak wa Marekani alitengeneza LED ya kwanza ya mwanga mwekundu unaoonekana mwaka 1962, lakini mwanga mweupe ulingoja hadi ilipopatikana LED ya buluu yenye nguvu miaka ya 1990. Kazi hiyo iliwapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Leo LED za wati 12 hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya kizamani ya wati 80 au zaidi. Tofauti hiyo ndiyo inayoliwezesha bango dogo kuishi kwa nishati ya jua.

Sekunde tatu za kusomwa

Kosa la kawaida ni kulizungusha bango kwa kasi. Chukua bango lenye pande nne linalozunguka mara 4 kwa dakika. Mzunguko mmoja huchukua sekunde 15, na kila upande humwelekea mtazamaji kwa robo ya muda huo, yaani chini kidogo ya sekunde 4. Likizunguka mara 12 kwa dakika, upande mmoja hubaki machoni kwa sekunde moja na robo tu. Jicho litavutwa, lakini halitasoma. Kwa bango la pande nne, kasi ya mizunguko 3 hadi 5 kwa dakika hutosha.

Muda huo mfupi ndio unaoamua maneno. Katika eneo ambako Kirundi, Kifaransa na Kiswahili hukutana sokoni, duka la dawa linaweza kuandika IMITI upande mmoja, DAWA upande wa pili na PHARMACIE upande wa tatu, kisha likaweka mshale au picha upande wa nne. Neno moja au mawili kwa kila upande yanatosha. Orodha ya bidhaa, saa za kazi na namba za simu zina nafasi yake kwenye ukuta wa duka, mahali ambapo msomaji amesimama.

Ukubwa wa herufi nao una kanuni yake. Mafundi wa mabango hukadiria kwamba herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 husomeka kutoka umbali wa takriban mita 10. Hivyo anayetaka kusomwa kutoka mita 60 anahitaji herufi za sentimita 15, na kwa kuwa bango lenyewe linatembea, ni busara kuongeza zaidi. Herufi ziwe nene, zenye nafasi kati yake, na rangi yake ipishane sana na rangi ya nyuma.

Taa isimame, ganda lizunguke

Swali gumu la kiufundi ni nyaya. Taa ikizunguka pamoja na bango, waya wake utajisokota na kukatika baada ya dakika chache. Viwanda hutatua tatizo hilo kwa pete za shaba na brashi za kaboni zinazopitisha umeme huku zikisuguana. Pete hizo hulika, hushika vumbi, na vipuri vyake si rahisi kupatikana mbali na miji mikubwa.

Njia nyepesi zaidi ni ile ya minara ya kuongozea meli. Katika minara mingi taa ilisimama tuli katikati, na lenzi ndizo zilizozunguka. Kwa bango, mhimili wa bomba la chuma husimama imara, LED hufungwa juu yake, na ganda la plastiki nyeupe inayopitisha mwanga huzunguka nje. Waya hupita ndani ya bomba na hausogei kamwe. Beringi za gurudumu la baiskeli, ambazo kila fundi baiskeli anazijua, zinaweza kubeba ganda dogo bila shida.

Ili mwanga uenee sawasawa, umbali kati ya LED na plastiki usipungue umbali uliopo kati ya LED moja na nyingine. Zikikaribiana mno na plastiki, nukta za mwanga huonekana na kuyaharibu maandishi.

Mota inayofaa ni ndogo, ya volti 12, yenye giaboksi ya kupunguza kasi. Mota ya waipa ya gari hupatikana kwa urahisi, ila huzunguka kasi kupita kiasi na hula umeme mwingi, kwa hiyo si chaguo la kwanza penye betri ndogo. Kuunganisha mota na ganda kwa mkanda kuna faida yake: upepo ukilizuia ganda, mkanda huteleza na mota haiungui.

Wapo pia wanaouachia upepo kazi ya kuzungusha. Rota iliyobuniwa na Sigurd Savonius wa Finland miaka ya 1920, yenye mapande mawili ya pipa yaliyopishanishwa, hutumika katika mabango ya namna hiyo. Haihitaji umeme wa kuzungushia, lakini husimama upepo unapotulia, na dhoruba inapokuja kasi yake haidhibitiki.

Hesabu ya umeme

Tuseme LED zinatumia wati 12 na mota wati 6, jumla wati 18. Bango likiwashwa kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, yaani saa 4, litatumia wati-saa 72. Ukiongeza robo kwa ajili ya umeme unaopotea njiani, unapata wati-saa 90 kila usiku.

Kwa makadirio ya tahadhari ya saa 4 za jua kamili kwa siku, paneli ya wati 23 ingetosha kwa hesabu ya karatasi. Lakini mvua za msimu na mawingu yake hudai akiba, kwa hiyo paneli ya wati 40 ni salama zaidi. Betri iweze kustahimili usiku mbili bila jua, ambazo ni wati-saa 180. Betri ya asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu ya uwezo wake, hivyo inahitajika ya volti 12 yenye ampea-saa 30. Balbu za kizamani zenye mwanga huohuo zingehitaji mfumo mkubwa mara nne au tano.

Umeme wa gridi unaongezeka katika ukanda huo, ingawa polepole. Kituo cha jua cha Mubuga mkoani Gitega, chenye megawati 7.5, kilianza kazi mwaka 2021. Bwawa la Rusumo kwenye mto Kagera, lenye megawati 80 zinazogawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania, lina njia ya umeme inayoelekea Gitega. Hata pale waya wa gridi utakapofika dukani, bango lililosanifiwa kwa wati 18 litaendelea kumpunguzia mwenyewe gharama, na betri yake italilinda umeme unapokatika.

Upepo, mvua na kumbikumbi

Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu yake huongezeka mara nne. Upande wenye upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 80 unaweza kusukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 14 upepo unapovuma mita 20 kwa sekunde, na zaidi ya kilo 30 unapofikia mita 30 kwa sekunde. Umbo la mviringo huusumbua upepo kidogo kuliko ubao bapa. Nguzo isimikwe kwa zege, na ganda liwe na mnyororo wa usalama utakaolishika endapo beringi zitavunjika juu ya vichwa vya watu.

Baada ya mvua, kumbikumbi huifuata taa kwa maelfu. Wakiingia ndani ya ganda, mabawa na mizoga yao huziba mwanga na kukwamisha beringi. Viungo vizibwe kwa mpira, tundu dogo lenye wavu laini liachwe chini ili maji yatoke, na mwanga wa manjano upendelewe kuliko mweupe wenye ubuluu, kwa sababu huvuta wadudu wachache zaidi.

Yasiyofaa kando ya barabara

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama za barabarani unataka yakatazwe mabango yanayoweza kudhaniwa kuwa alama za barabara, kuwapofusha madereva au kuvuta mawazo yao kwa namna ya hatari. Katika ukanda huu suala hilo lina uzito wa pekee. Anayetoka Kabanga, Tanzania, na kuingia Kobero, Burundi, huacha kuendesha kushoto na kuanza kuendesha kulia. Dereva wa lori aliye katika mabadiliko hayo hahitaji taa kali inayozunguka mbele yake.

Kwa hiyo rangi nyekundu na buluu zinazozunguka ziepukwe, kwani hufanana na taa za polisi na za magari ya wagonjwa. Mwanga usimetemete zaidi ya mara 3 kwa sekunde, kwa kuwa mmeto wa kasi zaidi unaweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu. Duka la dawa litumie msalaba wa kijani uliozoeleka katika nchi nyingi zinazozungumza Kifaransa. Msalaba mwekundu kwenye kitambaa cheupe unalindwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, na hauruhusiwi kutumika katika biashara.

Ipo pia aina ya bango ambamo ufito mmoja wa LED huzunguka kwa kasi hadi jicho likaona picha kamili inayoelea hewani. Ili picha itulie, ufito huo huhitaji mizunguko 15 au zaidi kwa sekunde. Ukiwa na kipenyo cha sentimita 60, ncha yake husafiri kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Kifaa hicho kikae ndani ya sanduku la kinga, juu ya kimo cha mtoto, la sivyo kisiwekwe kabisa.

Kabla ya kulitundika bango, fundi anaweza kulijaribu kwa gharama ndogo: aliweke juu ya meza nje ya duka baada ya machweo, alizungushe kwa mkono mara 4 kwa dakika, kisha amwombe mtu asiyejua kilichoandikwa atembee kutoka hatua sitini. Mtu huyo akilisoma kabla ya kufika nusu ya njia, bango liko tayari kupanda juu ya nguzo. Asipolisoma, cha kupunguza ni maneno au kasi, kabla ya kufikiria kuongeza wati.