Dawa yenye jina la wakubwa

Mwaka wa 1987, kule Kinshasa, Profesa Lurhuma na Daktari Shafik wa Misri walitangaza kama wamepata dawa ya SIDA. Waliiita MM1, ni kusema Mobutu na Mubarak. Dawa huchunguzwa kwanza, kisha husifiwa. Hii ilisifiwa mbele. Wakati ule wa chama kimoja, nani angebishana na dawa yenye jina la Rais? Mwaka wa 1990 Rais Moi wa Kenya naye akasifu Kemron. Hakuna hata moja iliyoponyesha SIDA, na wagonjwa walipoteza wakati na franga. Kijijini munganga huulizwa: wangapi wamepona? Basi mkubwa pia aulizwe vile, hata kama anasema kwenye radio.