Masomo ya Kike na ya Kiume

Ni itikadi kwamba maumbile humwelekeza msichana kwenye elimu ya nyumbani, na mvulana kwenye hesabu, sayansi na ufundi. Serikali ya Unguja ilipofungua skuli yake ya kwanza ya wasichana, mwaka 1927, wazazi wengi wakihofia sitara ya binti zao, mafunzo yake yalitia mkazo dini, ushoni, upishi na malezi. Nao waliohitimu, hata hodari wa hesabu, aghalabu waliishia katika ualimu, uuguzi au ukunga. Ajabu ni kwamba sindano ile ile, iliyohesabiwa skulini kuwa chombo cha kike, madukani ilishikwa na mafundi wanaume walioshona na kudarizi kanzu kwa ujira, na wapishi wa mahoteli nao walikuwa wanaume.