Bei ya Maji Safi

Mwaka 1846 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwezesha miji kujenga nyumba za kuogea za umma, ili maskini naye apate kunawiri. Baadaye nyingi zikawa na bwawa la kuogelea. Lakini maji yake hayakuchujwa, bali yalikaa siku kadhaa ndipo yakabadilishwa. Siku ya maji mapya kiingilio kilikuwa kikubwa, na kadiri yalivyochafuka ndivyo bei ilivyoshuka. Basi mwenye nacho alitangulia, fukara akaoga katika taka zake. Dhuluma hiyo haikuondolewa na sheria ile. Iliondoka katika karne ya 20, zilipoenea mashine za kuchuja na dawa ya klorini, maji yakawa safi kila siku kwa kila mtu.